Mkia Si Mafuta

Mpaka leo mtu akiniuliza mafuta ni nini, mimi nashindwa. Nimeendesha gari maisha yangu yote, kwa hivyo mafuta ya gari nayajua hata kwa harufu. Mafuta ya taa tulisomea. Mafuta ya kupima tunanunua dukani kila jioni. Lakini yale ya kuliwa, yale yanayotoka kwa mnyama, yamenichanganya kabisa, na aliyenichanganya ni jirani yangu Mama Nyirinyiri. Kabla yake nilikuwa nakula tu kama watu wengine.

Jina lake lipo, na wanawe wanalo kwenye vitambulisho, lakini hapa mtaani kwetu Isiolo halijawahi kutumika. Ukiuliza kwa jina hilo watu watakutazama tu. Ukisema Mama Nyirinyiri, hata fundi wa viatu, ambaye hapendi kuulizwa kitu, atakuelekeza: fuata harufu, ukiona mabati ya kijani umefika. Kwa asiyejua, nyirinyiri ni nyama iliyokatwa vipande vidogo vya ukubwa wa ukucha, ikakaangwa ndani ya mafuta mpaka ikauke, halafu ikawekwa ndani ya mafuta hayo hayo. Inakaa miezi bila friji. Msafiri anaibeba, mtoto wa bodingi anaibeba, na wako waliofika nayo Maka. Wengine hutumia nyama ya ngamia au ya ng'ombe. Yeye alitumia mbuzi, na mafuta yake yalikuwa ya mkia wa kondoo, wale kondoo wetu weupe wenye kichwa cheusi, ambao mkia wao umenona mpaka ukimtazama kwa nyuma unadhani amekalia mto.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimsafirishia. Sisi ni uzao wa wale askari wa zamani walioletwa na Mzungu wakaachwa hapa, na tangu waachwe wamekuwa wakibeba mizigo ya watu. Nina pikapu. Naenda Garbatulla, napitia Kulamawe, naingia Kinna, narudi. Kwa hivyo nilikaa kwake sana nikingoja makopo yajae, juu ya kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja ulifungwa kwa waya, na hapo ndipo aliponitesa.

Mimi ni mtu wa maneno, sikatai. Dereva asipoongea atalala. Nikianza kumweleza habari za barabara, nani amekwama na nani ameoa, anainua mwiko. "Warya, nyamaza. Nasikiza." Yeye Mborana, mimi Msomali, na warya, yaani ewe bwana kwa Kisomali, ndilo jina alilonipa, hata mbele ya wakwe zangu. Nanyamaza. Anasikiza nini? Karai. Alisema mafuta yana mdomo. Nyama ikiingia, yanapiga kelele, maji yanagombana nayo. Halafu kelele inashuka, yanabaki kunong'ona, na mwisho yananyamaza. "Ikinyamaza, toa," aliniambia. "Ukitoa mbele ya hapo, maji imebaki ndani, nyirinyiri itaoza kwa kopo na jina yangu itaoza nayo. Ukichelewa, umekaanga makaa." Basi mimi mtu mzima, baba wa watoto, nakaa kimya mbele ya karai kama niko msikitini. Niliudhika sana siku hizo. Nilidhani hataki tu kusikia hadithi zangu.

Alikuwa amegawanya watu wote wa dunia mafungu mawili, mbuzi na kondoo. Mbuzi, alisema, huficha mafuta yake. Umkamate, umpapase, ni mifupa mitupu, lakini mpasue utayakuta yamefunika figo na matumbo. Kondoo huvaa yake nje, kila mtu ayaone. Basi jirani aliyejenga ghorofa kabla ya kulipia watoto karo alikuwa kondoo. Imamu wetu mbuzi. Mwanawe wa kwanza, aliye na malori huko Nairobi na hasemi ana mangapi, mbuzi kabisa. Mimi kondoo. Nilimuuliza mara nyingi yeye mwenyewe ni nani, na kila mara alijibu kitu kingine. Siku moja aliniambia yeye ni kisu. Nikacheka, halafu nikaenda nyumbani nikifikiria alikuwa na maana gani, na sikupata.

Ndivyo alivyokuwa, huwezi kumshika upande mmoja. Alifunga Jumatatu na Alhamisi, na kwenye mambo ya dini alikuwa mkali kuliko wanaume wengi ninaowajua. Lakini wazee wa Kiborana zamani walikuwa wakisoma moora, ule utando wa mafuta unaofunika matumbo ya mbuzi. Waliutandaza wakaangalia mishipa na madoa, wakasema mvua itakuja au haitakuja. Yeye alisema hayo ni mambo ya ujinga, astaghfirullah. Hata hivyo, kabla ya kuutia utando kwenye karai, nilimwona kila mara anauinua juu kuelekea mlangoni kwenye mwanga, anautazama, anaugeuza, ndipo anautia.

"Unasoma nini, mama?"

"Naangalia kama kuna nywele."

Siku moja aliutazama kuliko kawaida, akauweka kando. Akaniuliza kama safari ya Garbatulla haiwezi kungoja. Nikamwambia haiwezi. Nikaenda, na spring ya nyuma ikavunjika. Niliporudi nikamsimulia, naye akasema, "Si nilikuambia." Nikasema hukuniambia kitu, uliniuliza tu. Akasema ndiyo hiyo. Sasa mimi sijui. Spring huvunjika barabara ile hata kama mbuzi hakusema neno. Lakini tangu siku ile, akiinua utando mlangoni, na mimi naangalia. Naona mafuta tu.

Kwenye soko la mifugo walimheshimu na kumwogopa pamoja. Wanunuzi wengine hutazama meno ya kondoo, hutazama macho, huuliza ametoka wapi. Yeye alienda moja kwa moja nyuma, akafinya mkia. Kwa kufinya tu alirudi na habari za nchi nzima. Mkia huu umeshiba lakini wa juzi, mvua imepita sehemu moja tu. Huu umelegea, hawa wametembezwa mbali. Wakati wa ule ukame mbaya mikia ilining'inia kama soksi tupu, na aliporudi kutoka sokoni siku hizo alifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Mara nyingine alipatia, mara nyingine alikosa. Akikosa alisema kondoo amedanganya.

Na ukame huo ndio ulionionyesha roho yake. Kila mwanamke aliyejifungua mtaani alipelekewa kikombe cha mkia ulioyeyushwa, cha moto, anywe huku Mama Nyirinyiri amesimama pale pale akimtazama. Mke wangu alikinywa akilia, kwa sababu kitu kile ukikinywa bila mazoea kinagoma kooni. Maziwa yakatoka. Huenda yangetoka tu. Lakini mwanangu alinona mashavu wakati ambapo hakukuwa na chochote kilichonona Isiolo, na mimi jambo hilo sitalisahau. Hakutaka hata asante. Mtu huyo huyo, ukimwomba kijiti kimoja cha kiberiti, atakuuliza cha jana ulikipeleka wapi. Na tumbo langu likianza kuchungulia nje ya shati alinicheka mbele ya wateja, akasema mkia umehamia mbele. Nani aliyenilisha? Yeye.

Walikuja watu wa mambo ya lishe, wakatuita ukumbini. Aliyezungumza alikuwa binti mdogo kutoka Nairobi, mwenye adabu, anayeongea polepole ili wazee waelewe. Akasema ukichukua Kenya nzima, mafuta ambayo mtu mmoja anapata kwa siku kutoka nyama ya mbuzi na kondoo ni kidogo sana. Akataja hesabu, nimeisahau. Ilikuwa kitu cha kupaka kidole tu. Mama Nyirinyiri akainua mkono.

"Binti yangu, huyo mtu mmoja ni nani?"

"Ni mtu wa wastani, mama."

"Anakaa wapi?"

Ukumbi ukacheka. Binti akacheka pia, lakini kwa upole, akaeleza kwamba unakusanya mafuta yote ya nchi, unagawanya kwa watu wote, wanaokula na wasiokula, unachopata ndicho cha huyo mtu. Mama Nyirinyiri akakaa chini. Hakuwa amecheka hata kidogo. Njiani kurudi nyumbani aliniambia, "Warya, wamechukua mafuta yangu wakampa mtu wa Kisumu anakula samaki." Tukatembea. Tulipofika kwa mabati ya kijani akasimama. "Ama ni mimi nimekula yake?" Nikajaribu kumweleza, na nilipokuwa katikati ya kueleza nikagundua mimi mwenyewe sielewi. Kama mtu huyo hayupo, anakulaje? Kwa muda mrefu baadaye, mgeni akija kutoka mbali, yeye alimuuliza, "Wewe ndio yule wa wastani?" Watu wakadhani ni matusi.

Halafu akaanguka. Ilikuwa asubuhi, kando ya jiko, na bahati yake aliangukia upande wa magunia. Tulimbeba kwa pikapu yangu, mimi na mkaza mwanawe, yule anayeishi naye, mke wa mwana mdogo. Mama yangu mzazi alienda kwa presha, hivi hivi, asubuhi yuko na jioni hayuko, kwa hivyo nilipita matuta yote bila kupunguza mwendo na sioni haya kusema. Daktari wa kliniki alikuwa kijana wa upande wa Meru, mpole. Alipima, akapima tena. Presha iko juu, na damu ina mafuta mengi. Akamshika mkono.

"Mama, unataka kuona wajukuu wakiolewa?"

"Inshallah."

"Basi acha mafuta. Kabisa."

"Nimesikia," akasema, na sisi wote watatu tulikuwa tumesikia. Neno lenyewe lilikuwa la Kiswahili safi, halikuhitaji mkalimani.

Siku hiyo hiyo alitoa nje mafuta yote ya nyumba ile. Jerikeni ya mafuta ya kupima alimpa mama wa chapati. Mafuta ya kopo alimpa mke wangu. Nikamwambia mke wangu, mwanamke huyu ni wa ajabu, amekula mafuta miaka yote na ameyaacha kwa neno moja. Tulimsifu mtaa mzima. Aliendelea kuwapikia wateja, kwani kazi ni kazi, lakini yeye mwenyewe, alisema, hata tone.

Presha haikushuka. Tulirudi kliniki, tukarudi tena. Daktari akauliza dawa, akaambiwa anakunywa. Akauliza mafuta. "Wallahi sijagusa," akasema Mama Nyirinyiri, na huyo hakuwa mtu wa kuapa hovyo. Mkaza mwanawe naye akaapa kwamba jerikeni haijaingia tena nyumbani. Daktari akajikuna kichwa, akaongeza dawa, akasema miili hutofautiana. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa na hofu. Nilikuwa nimejua kitu kimoja tu, kwamba mtu akiacha anapona, na sasa hata hicho kilikuwa kimepotea. Nilianza kuamka usiku na kusikiliza kama kuna kilio upande wa mabati ya kijani.

Daktari alikuwa amesema pia ale mboga. Basi nikitoka Kinna nilipitia Rapsu, kule wanakolima kwa maji ya mfereji, nikamletea sukuma na vitunguu. Siku moja nilifika saa ya chakula, akanikaribisha. Sahani ikaja. Sukuma ilikuwa inang'aa mpaka niliona dirisha ndani yake.

"Mama, hii ni nini?"

"Mboga. Si daktari alisema."

"Kwa nini inang'aa?"

"Nimeweka mkia kidogo. Bila mkia haipiti."

Nilimtazama nikidhani ananichokoza. Hakuwa ananichokoza. "Mama," nikasema, "mkia ni mafuta."

"Mkia ni mkia."

"Daktari alisema uache mafuta."

"Na nikaacha. Mafuta ni ile ya duka. Inatoka kiwanda, hakuna mtu ameona mama yake. Mkia inatoka kwa kondoo. Ni nyama yake ya nyuma."

Nikahisi damu inanipanda kichwani. Kumbe miezi hiyo yote, badala ya kupunguza, alikuwa ameongeza, kwa kuwa kila alichokuwa akikipika na mafuta ya kupima sasa alikipika na mkia. Kwenye wali, kwenye mboga, hata kwenye chai ya asubuhi. Na alikuwa akiapa kwa Mwenyezi Mungu, na kiapo chake kilikuwa cha kweli. Nikamwuliza, nikijua nimemkamata, "Na kwa karai unaiita nini? Si kila siku unaniambia nyamaza, nasikiza mafuta?"

Akafikiri. Nilifurahi kumwona anafikiri. Halafu akasema, "Kwa karai ni mafuta. Kwa sahani ni mkia." Nikasema haiwezekani kitu kimoja kiwe vitu viwili. Akasema, "Kwa zizi ni mbuzi, kwa sahani ni nyama. Umewahi kusikia mtu akisema leo nimekula mbuzi na suruali yake?" Sijui suruali ilitoka wapi. Lakini nilikaa pale na tonge mkononi, nikijaribu kutafuta kosa liko wapi, na siwezi kusema nililipata. Nilikula ile sukuma. Ilikuwa tamu sana.

Nilimpeleka kliniki kesho yake. Daktari aliposikia alijishika paji la uso, akacheka, halafu akaacha kucheka. Akamwambia mkia pia, mama. Na ile ya mbuzi ya ndani. Na samli. Yote.

"Yote?"

"Yote, mama. Samahani."

Hakubishana naye. Alinigeukia akanitazama kama mtu aliyeuzwa mnadani na ndugu yake. Nilikuwa nimefanya jambo sahihi, nilijua ni sahihi, na nilijisikia vibaya kwa namna ambayo mpaka leo siwezi kuieleza.

Akaacha. Na alivyo mbishi, akaacha kama alivyokula, bila nusu nusu. Alipika nyirinyiri za watu na hakulamba hata mwiko. Mjukuu akimletea mchuzi, aliuinua kwenye mwanga wa mlango kama utando wa mbuzi, akiona tone linaelea anarudisha. Presha ikashuka. Daktari akafurahi. Lakini mashavu nayo yakashuka, na mikono, na shingo. Kwetu mtu akikonda hatusemi amepona presha, tunasema kuna njaa. Wanawake wakaanza kunong'ona kwamba mkaza mwanawe anamnyima chakula. Msichana wa watu, ambaye kosa lake lilikuwa kutii daktari, alikuja kulia kwa mke wangu. Mimi nikatoka nje nikawagombeza wanawake wa bombani, nikaambiwa nishughulike na gari langu.

Nikapata kazi ya mizigo upande wa Moyale, ikanichukua kwa muda mrefu. Niliporudi nilienda kumwona kabla hata ya kuosha vumbi. Mlangoni kwenye mabati ya kijani kulikuwa na bibi kizee mwembamba ameketi juu ya gunia, mtandio umemzidi. Nikadhani ni mgeni, ndugu yao wa kutoka huko malishoni.

"Salaam aleikum, mama. Mwenye nyumba yuko?"

"Anatafutwa na nani?" akauliza, na sauti ndiyo niliyoijua. Nilipiga magoti pale pale kwenye changarawe. Yeye alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaweka mkono nyuma ya sikio lake ili asikie nitakachosema, na hapo nikaona jambo la pili. Masikio yalikuwa yanamwacha. La kushoto lilikuwa limeenda kabisa na la kulia limebaki na sauti za karibu tu.

Akanipeleka ndani. Kiti cha plastiki kilikuwepo, na waya wake. Karai lilikuwa jikoni, makaa tayari, nyama imekatwa. Akanieleza habari zake kwa sauti kubwa, kama wafanyavyo wasiosikia. Alikuwa amerudi kliniki. Safari hii alikuta msichana, daktari mgeni. Msichana amempima, akasema amekonda mno, sasa ale mafuta kidogo.

"Nikamwambia, mwanangu, nyinyi mlisema yote, nikaacha yote. Sasa mnasema kidogo. Kidogo ni ngapi? Akasema, kama mtu wa kawaida tu, mama. Nikamwambia, huyo namjua. Ni yule wa wastani. Namtafuta tangu siku ile ya ukumbi."

"Na umempata?"

"Nimefikiri." Akanipima kwa macho, akaanzia tumboni. "Wewe unakula mingi sana. Mimi sikuli. Wakituweka pamoja watugawanye, si tutakuwa yeye?"

Nikacheka, halafu nikaona hachezi. Amefikiri kweli, peke yake, juu ya lile gunia. Akaacha hayo, akanionyesha karai kwa kidevu. Makopo ya mwisho yalikuwa yamerudi, akasema. Yamevunda. Mkaza mwanawe ndiye aliyeipika nyama ile, na kwa kuogopa kuiunguza aliitoa mapema. Wateja hawakusema kitu, walirudisha tu na kuondoka, na hilo lilimuuma zaidi kuliko matusi. Haya ya leo ni ya mjukuu wake wa kwanza kwenda bodingi. Yakiharibika na haya, basi, atageuza karai liwe la kunyweshea kuku. Mkaza mwanawe alikuwa amekataa kukaa karibu, yuko bombani.

"Mimi siskii tena," akasema. Hakulalamika, aliniambia tu kama anavyoniambia bei. "Sikia wewe."

Nikamwambia mama, mimi ni dereva. Akatia nyama.

Mafuta yakapiga kelele, ile niliyoijua, maji na mafuta yakigombana. Akakaa upande wa pili wa jiko, mikono juu ya magoti, macho kwenye mdomo wangu. Nilikuwa na mengi ya kumweleza. Moyale, barabara, mtu aliyeoa. Nilifunga mdomo. Kelele ikashuka. Akaniuliza kwa nyusi. "Bado," nikasema. Zikabaki zile za kunong'ona. Nje pikipiki ikapita, nikaichukia pikipiki ile na mwenyewe. "Bado, mama." Nilikuwa natoka jasho. Sijui mkia ni nini. Sijui nani alikuwa sawa kati ya madaktari wale wawili, na huenda wote, na huenda nilipomtoa kwenye mkia nilimwokoa, na huenda nilimla mashavu. Nimelala na swali hilo huko Moyale na sikupata upande wa kuliwekea kichwa. Lakini nilijua kile kinong'ono. Nilikijua kilivyokuwa kinapungua, na mahali ambapo kinakatika kama mtu aliyesinzia katikati ya neno.

"Sasa," nikasema.

Akaliinua karai kwa matambara, akaliweka chini. Hakuuliza kama nina hakika. Wala hakuinama kutazama.

Akachota kijiko kimoja, akakigawa kwenye sahani kwa ncha ya kisu. Fungu kubwa akanisogezea mimi. La kwake lilikuwa kipande kimoja, na mafuta yake yakiwa yameanza kuganda pembeni. Akasema bismillahi, akakitia mdomoni, akafumba macho, na kwa muda mrefu hakutafuna. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

"Imekauka vizuri," akasema mwishoni. Kisha akafumbua macho akanitazama, na nikaona ameshangaa kweli. "Warya. Kumbe miaka hiyo yote ulikuwa unasikia."

Nilitaka kumjibu, lakini mdomo ulikuwa umejaa.